Huhitaji Kumpenda Mbwa Ili Umtendee Haki

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa kijijini, anayeleta mbwa ni mtoto. Aliyewahi kusimama kwenye kituo cha chanjo mkoani Mara au Morogoro anaijua sura hiyo: mwanafunzi wa darasa la tatu au la nne, kandambili mguuni, kipande cha kamba ya katani mkononi, na mwisho wa kamba yuko Simba, au Bobi, au Popi, anaburutwa huku amekaza miguu yote minne kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kufungwa kamba. Baba yuko shambani au kijiweni, mama ana shughuli zake. Wanaoendesha kampeni hizo wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana kituo mara nyingi huwekwa kwenye uwanja wa shule, na siku huchaguliwa kwa kuangalia kama watoto watakuwa na nafasi.

Kwa hiyo suala la kama watoto wa shule wahusishwe na utunzaji wa wanyama wa nyumbani tulishaliamua zamani, bila kikao. Mtoto ndiye anayemmwagia mbwa ugali uliobaki. Ndiye anayejua paka amezalia wapi. Ndiye anayetumwa akamfungie mbwa bandani wageni wakipiga hodi. Kilichobaki ni kuangalia anaifanya kazi hiyo akiwa na elimu gani, na jibu ni kwamba hatujampa yoyote.

Kumbuka tulivyofundishwa wanyama wafugwao. Ng'ombe hutupatia maziwa na nyama, kuku mayai, punda hubeba mizigo, mbwa hulinda nyumba, paka hukamata panya. Mtihani ukaja na swali: taja faida tatu za mbwa. Hakuna aliyeuliza mbwa naye anahitaji nini. Mtoto akamaliza shule ya msingi anaijua orodha ya anachodai, hajui anachodaiwa.

Wanaotaka kulirekebisha hili mara nyingi huanza na upendo. Bango linabandikwa: mtoto amemkumbatia mbwa mweupe mwenye manyoya marefu, chini yake maneno ya kutuhimiza tuwapende wanyama. Nia ni njema, lakini nadhani wameanzia mwisho. Mtoto wa Temeke akiitazama picha ile anaona mambo ya watu wengine. Kwao mbwa hushinda bandani, hufunguliwa usiku, na getini pameandikwa "Mbwa Mkali". Mtoto wa Wete, kisiwani Pemba, yeye amelelewa akijua mate ya mbwa ni najisi, na kwao mbwa hapiti hata barazani. Ukiwaambia hawa "mpendeni mbwa", umewapa somo la watoto wa mtaa mwingine. Ninachokitetea mimi kinaonekana kidogo lakini ni kigumu zaidi: mtoto afundishwe kumjua mnyama na kumtimizia haki yake. Upendo ukija, karibu. Usipokuja, maji kwenye bakuli yawepo vilevile.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayookota mawe. Mtu mzima akimwona mtoto anamrushia mbwa jiwe, husema mtoto huyu ana roho mbaya. Mara nyingi ana woga tu, na woga wenyewe una sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote walipata ugonjwa huo kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hana tumaini la kupona. Mama anayemwambia mwanawe akae mbali na mbwa asiyemjua ana haki kabisa, na mwalimu anayehubiri huruma bila kuigusa hofu hiyo, mtoto atamwona mtu asiyeishi duniani.

Ila kuna njia ya kuifundisha hofu ikawa maarifa. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio lililofanywa katika shule za msingi za Sydney, Australia. Watoto wa miaka saba na minane walipewa somo moja la nusu saa kuhusu namna ya kuwa karibu na mbwa. Siku kadhaa baadaye mbwa mpole akafungwa kwenye uwanja wa shule, na watoto wakatazamwa bila wao kujua. Kati ya wasiofundishwa, asilimia 79 walimwendea mbwa yule wakampapasa. Kati ya waliofundishwa, asilimia 9 tu. Karibu nasi zaidi, huko Zomba nchini Malawi, wanafunzi wa shule za msingi walipewa somo moja kuhusu kichaa na usalama mbele ya mbwa, wakapimwa kabla, mara tu baada ya somo, na tena wiki tisa baadaye. Ujuzi ulipanda, na wiki tisa zile hazikuufuta. Mtu anaweza kusema kujua si kutenda, na ni kweli. Lakini nusu saa! Ni masomo mangapi shuleni kwetu yanayoweza kujisifu hivyo kwa nusu saa?

Sasa angalia somo lenyewe lina nini. Mbwa akikujia, usikimbie. Simama wima, mikono ubavuni, usimkazie macho. Usimguse anapokula. Usimsogelee jike anayenyonyesha. Usimchokoze aliyefungwa mnyororo, maana yule hawezi kukukimbia, na asiyeweza kukimbia huuma. Mkia ukiingia katikati ya miguu na masikio yakilala nyuma, mbwa huyo anaogopa. Akinguruma anakuonya, na onyo ni hisani, kwa hiyo rudi nyuma polepole. Kwenye ratiba somo hili litaitwa la usalama. Kinachofanyika ndani yake ni kingine kabisa. Kwa mara ya kwanza mtoto anaambiwa kwamba yule mbwa naye anaona, anaogopa, ana wanawe, ana njaa. Analazimika kukitazama kijiji kutoka upande wa mbwa, japo kwa faida yake mwenyewe. Mimi sijui mlango mwingine wa kuingilia kwenye huruma ulio mwepesi kuliko huo, na haumlazimishi mtu kumkumbatia mnyama yeyote.

Hapa wapo watakaotaja dini, hasa sisi wa pwani. Inasemwa kwamba huwezi kumfundisha mtoto wa Kiislamu kumtunza mbwa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Fiqhi ya Shafi, yaani sheria za dini kwa madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, inasema mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Haijasema apigwe wala anyimwe maji. Kufuga mbwa wa ulinzi wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda kumeruhusiwa tangu mwanzo. Na hadithi mbili ambazo karibu kila mtoto wa madrasa amezisikia, zote zimo katika Sahihi ya Bukhari: yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie, na yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa. Mtu yule hakumchukua mbwa akaenda kulala naye kitandani. Alimpa maji akaendelea na safari yake. Ndicho kiasi ninachokizungumzia. Wakristo nao wana Mithali 12:10, ambayo inampima mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Pemba ni ushahidi wangu. Kisiwa hicho karibu chote ni cha Waislamu, mbwa si wengi, na wenye kuwapenda sana nadhani ni wachache zaidi. Mwaka 2010 kichaa kilikuwa kinazunguka humo kwa minyororo mitano tofauti ya maambukizi. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ikaanzishwa kisiwa kizima, ikaboreshwa mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Hakuna aliyewataka Wapemba wabadili itikadi yao kuhusu mbwa. Walitakiwa kumleta achanjwe. Wakamleta.

Kwa paka mambo ni mengine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo unafiki wetu ulipolala. Paka tunampenda, au tunasema hivyo. Anaingia ndani, analala jikoni, anatupiwa kichwa cha dagaa au mwiba wa changu. Kisha anazaa. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, mimba huchukua kama miezi miwili, na mwaka hauishi kabla hajazaa tena. Nyumba inajaa. Ndipo mtu mzima anapochukua kiroba, anawatia ndani watoto wa paka ambao macho hayajafunguka vizuri, anamwita mtoto wa miaka tisa na kumwambia: kawaache kule sokoni. Au jalalani. Au ng'ambo ya barabara, wasije wakarudi.

Mtaani hakuna asiyelijua jambo hili. Mtoto anatembea na kiroba kinacholia. Hilo ndilo somo la utunzaji wa wanyama tunalompa, na tunampa sisi wazazi wake, wala hakulipata kwa wahuni. Anajifunza kwamba kiumbe akizidi hutupwa, kwamba kazi chafu hupewa mdogo, na kwamba kilio kikifungwa ndani ya mfuko hakihesabiwi. Mwalimu atakayesimama siku ya Jumatatu kusema "tuwahurumie wanyama" atakuwa anashindana na kiroba cha Jumapili.

Shule ingeweza kumwambia mtoto huyu mambo machache ya kweli. Kwamba mtoto wa paka anahitaji kukaa na mama yake wiki nane hivi kabla ya kugawiwa. Kwamba paka anaweza kufungwa uzazi na daktari wa mifugo, dume hali kadhalika. Najua jibu: daktari yuko mjini na bei yake haishikiki. Ni kweli, na hiyo ni makala nyingine. Lakini hata pasipo daktari, kuna tofauti kati ya nyumba inayowatafutia watoto wa paka watu wa kuwachukua mapema, kwa majirani wanaosumbuliwa na panya, na nyumba inayosubiri mpaka kiroba. Tofauti hiyo mtoto anaweza kuileta, akijua kalenda.

Tukubali pia jambo ambalo walimu hawalipendi. Tanzania bara bado ina kanuni za mwaka 1979 zinazoruhusu viboko shuleni. Leo mwisho ni vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kenya iliviondoa mwaka 2001, ingawa kuondoa kwenye karatasi na kuondoa darasani ni mambo mawili. Siingii hapa kwenye ubishi mzima wa adhabu. Nauliza tu mtoto aliyechapwa kwa kuchelewa anajifunza nini kuhusu mwenye nguvu na asiye na nguvu, na akifika nyumbani ni nani aliye chini yake. Kwenye nyumba nyingi aliye chini ya mtoto wa mwisho ni mbwa. Somo la huruma likitolewa na mkono ulioshika fimbo, wanafunzi watanakili walichokiona, walichokisikia watakiandika kwenye mtihani.

Sheria tunayo. Bunge lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa. Kenya wana yao ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Sijawahi kukutana na mtoto wa shule aliyeambiwa kwamba sheria hiyo ipo. Watu wazima wenyewe ni wachache.

Basi somo liwekwe wapi? Si katika somo jipya. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeshajaa, na mwalimu mwenye watoto mia moja darasani atakufukuza ukimletea kitabu kingine, tena kitabu cha mbwa. Wengi watasema liende kwenye maadili. Ningependa lianzie Sayansi. Kirusi cha kichaa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Ndiyo sababu jeraha la kuumwa huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali, na ndiyo sababu pilipili na mafuta ya taa havisaidii kitu. Hapo mwalimu amefundisha vimelea, sabuni na huduma ya kwanza kwa mfano mmoja ambao darasa zima linaujua kwa majina. Chanjo nayo ieleweke kwa mbwa wa nyumbani: kichaa huzimika kijijini asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kwa sababu kirusi hukosa pa kwenda.

Na Hesabu. Wataalamu wanapotaka kujua kama wamefikia asilimia 70 hukutana na tatizo la kuchekesha: hawajui mbwa ni wangapi. Baadhi ya kampeni huwavisha waliochanjwa ukanda shingoni, kisha mtu huzunguka mitaani akihesabu wenye ukanda na wasio nao. Darasa la tano linaweza kufanya kazi hiyo kwenye karatasi, kila mtoto akileta hesabu ya kwao na ya majirani wawili. Wangapi, wa rika gani, wamechanjwa lini. Hapo ndipo watakapogundua watoto wa mbwa. Watu wengi huwaacha nyumbani mbwa walio chini ya miezi mitatu wakidhani chanjo itawadhuru, wakati uchunguzi uliofanywa nchini mwetu na kwingineko umeonyesha kwamba nao hupata kinga. Na kwenye boma lolote, nani huwabeba watoto wa mbwa mchana kutwa, akalambwa uso na vidole? Ni mtoto huyo huyo wa darasa la tano na mdogo wake.

Kisha bwana mifugo aalikwe shuleni wiki moja kabla ya chanjo. Si kwa hotuba. Aje na mbwa mmoja aliyezoea watu, aonyeshe namna ya kufunga kamba isiyokaba, namna ya kumshika mbwa akadungwa asigeuke, na awaambie wazi kwamba mbwa mkubwa au mkali ataletwa na mtu mzima, hata kama baba yuko kijiweni. Kuna wanaosema tunawabebesha watoto kazi ya wazazi. Wameshaibeba. Afadhali waibebe wakijua ipi si yao.

Kuna faida ambayo haihusu kichaa, nayo naitaja kwa sababu inaonyesha jinsi tulivyopanga mambo kichwa chini. Watoto wetu hufundishwa Serengeti kwa fahari: simba, nyumbu, twiga. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wanasayansi walipoufuatilia chanzo chake, walielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa yule asiye na jina kwenye kitabu, anayelala juani nyuma ya choo cha shule, ndiye aliyekuwa ameushika uhai wa simba aliyechorwa jaladani. Tangu mwaka 2003 mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa katika kampeni kubwa, na waliofaidika ni watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Ningekuwa mwandishi wa vitabu vya kiada, ningeiweka habari hiyo ukurasa mmoja na picha ya simba.

Lakini yote haya yanategemea kitu ambacho hakimo darasani. Turudi Pemba. Baada ya mafanikio ya 2014 chanjo ililegea, kama inavyolegea kila jambo ambalo limeacha kutisha. Mwishoni mwa 2016 kichaa kikaingizwa tena kisiwani, mara mbili, kikawakuta mbwa wasio na kinga. Ilibidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe, na mlipuko huo ukazimwa Oktoba 2018. Kipindi kile hakuna mtoto wa Chake Chake au Wete aliyekosa huruma. Dozi ndizo zilizokosekana. Kwa hiyo bajeti ya halmashauri yako itakapojadiliwa, muulize diwani dozi ngapi za kichaa cha mbwa zimetengewa fedha, na zimepigiwa hesabu ya mbwa wangapi. Akisema hana idadi, darasa la tano linaweza kumpatia.